Joto hula miguu: nilivyojifunza kuiendesha Griffin bila kuipika

"Ruka kila zamu, hawatakupata." Ushauri huo nilipewa siku ya kwanza niliposhika Griffin kwenye BattleTech, mchezo wa mezani wa kupiganisha mashine kubwa za vita kwa dadu, na umeniulia mashine nyingi kuliko adui yeyote niliyewahi kukaa naye. Unaniudhi mpaka leo kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukiruka ni kweli unakuwa mgumu kupigwa. Ila bei yake hakuna aliyenitajia.

Griffin GRF-1N ni mashine ya tani 55. Kwa zamu hutembea vijumba 5 vya ubao wa mchezo, hukimbia 8, huruka 5. Ina PPC moja, yaani mzinga wa chembe, inayotoa joto 10, makombora ya LRM-10 yanayotoa joto 4, na vipoza joto 12, kila kimoja kikiondoa joto 1 kwa zamu. Mwendo nao una joto lake: kutembea 1, kukimbia 2, kuruka 1 kwa kila kijumba, na hata ukiruka kijumba kimoja unahesabiwa 3.

Basi nikaruka vijumba 5 na kufyatua kila kitu. Jumla 19, toa 12, yakabaki 7. Zamu ya pili hivyo hivyo: 14. Hapo dadu mbili zinatakiwa zifike 4, la sivyo injini inazimika. Zilifika. Zamu ya tatu nikawa kwenye 21, ambako dadu zinahitaji 6 usizimike na 4 shehena ya makombora isilipuke. Ya kwanza nikaipata. Ya pili nikatupa 3, na makombora yaliyobaki yakalipukia ndani ya Griffin yangu mwenyewe. Adui hakuwa amenigusa ila mara moja.

Wakaniambia: joto likipanda, kimbilia maji. Mchezo uliofuata nikafanya hivyo, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu wengi bado wanaliamini. Nilikuwa na joto 14. Kwenye 10 unapoteza hatua 2 za kutembea, kwa hiyo nilibaki na 3. Zote zikaishia kwenye kuingia kijumba cha maji ya kina cha 1. Nikatupa dadu za urubani nisianguke, nikasimama majini nimetulia, nikafyatua PPC nikisubiri punguzo la 6 nililoahidiwa. Halikuja. Maji ya kina hicho yanafika miguuni tu, na yanasaidia vipoza vilivyofungwa miguuni. Injini ya Griffin imebeba vipoza 11 kati ya 12, na injini iko kifuani! Nikahesabu 14 na 1 na 10, toa 12: 13. Juu ya hapo nilikuwa nimesogea kijumba kimoja tu, na mwendo mfupi hivyo haumwongezei mpigaji ugumu wowote. Kinga niliyobaki nayo ni ile +1 ya miguu kufichwa na maji. Nilipigwa na kila aliyeniona.

Usiku huo nilikaa na karatasi. Kilichonifungua macho ni kulinganisha kuruka na kukimbia. Ukiruka vijumba 5, anayekulenga anaongezewa 3 kwenye namba ambayo dadu zake lazima zifike ili akupige, wewe unajiongezea 3 kwenye yako, na unalipa joto 5. Ukikimbia vijumba 7 au 8, anayekulenga anaongezewa 3 vilevile, wewe unajiongezea 2 tu, na unalipa joto 2. Penye uwanda, kuruka ni hasara tupu. Kuruka kuna thamani pale penye msitu, mwamba, au unapotaka kugeuka bila kulipia mageuzi.

La pili lilinishtua zaidi. Joto likifika 5 unapoteza hatua moja ya kutembea, na mbio za Griffin zinashuka kutoka 8 hadi 6. Mbio za 6 zinakupa kinga ya 2 badala ya 3. Kwa hiyo lile joto 7 la kuruka zamu iliyopita linakuvua kinga zamu hii, na kinachobaki kukuokoa ni kuruka tena. Ndiyo maana warukaji hawaachi kuruka mpaka walipuke.

Nikajiwekea dari: 4, basi. Kukimbia na kufyatua PPC peke yake ni 12 kamili, vipoza vinameza yote. Kukimbia na kufyatua vyote kunaacha 4. Kuruka 5 na makombora peke yake ni 9, kunakupoza kwa 3. Kwa hizo tatu unacheza mchezo mzima. Amua silaha utakazotumia kabla hujagusa mashine, kwa sababu mwendo unatangulia na ukishasogea umeshalipa.

Nilizijaribu dhidi ya rafiki yangu mwenye Warhammer WHM-6R, tani 70, PPC mbili, vipoza 18. Mashine hiyo ikisimama na kufyatua PPC zote inapata 2 za ziada, ikikimbia, 4. Nikahakikisha kila zamu kuna kilima kati yetu mpaka akimbie ndipo anione. Zamu ya kwanza nilikimbia na kufyatua vyote: mimi 4, yeye 4. Ya pili niliruka kwa makombora tu: mimi 1, yeye 8. Ya tatu nilitembea na kufyatua vyote, nikarudi kwenye 4. Yeye alikuwa amenikaribia, akakimbia tena na kuongeza leza zake mbili za ukubwa wa kati juu ya PPC. Nikamwona anahesabu kwa kidole kwenye karatasi yake, kidole kikasimama kwenye 18. Dadu zilihitaji 6. Zikaja 5.

Mashine iliyozimika haisogei, na kuilenga kunapunguziwa 4. Hapo ndipo niliporuka vijumba vyote 5 kwa raha zangu, nikatua mgongoni kwake penye deraya nyembamba, nikafyatua vyote. Joto langu likapanda hadi 11, mara ya kwanza siku hiyo kupita dari, na PPC ikapenya.