Mafuta ya Oman na matete ya Nimr

Ami yangu alirudi Muscat kutoka Unguja miaka ya sabini, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje. Kiingereza chake kikampa kazi PDO, kampuni kubwa ya mafuta ya Oman, na mpaka leo ukimtembelea hukosi kusimuliwa habari za Fahud, mahali pa visima vya mafuta jangwani, kahawa ikiwa mkononi.

Kisima cha kwanza Fahud, mwaka 1956, kilitoka kikavu. Washirika kadhaa wa kampuni wakakata tamaa wakaondoka. Mwaka 1964 wakachimba jirani tu, mita mia kadhaa kutoka pale, mafuta yakapatikana! Shehena ya kwanza ilisafirishwa Julai 1967.

Watu hudhani Ghuba yote ni kutoboa mchanga na kukinga pipa. Oman sivyo. Kusini mafuta ni mazito, hayataki kutoka. Kwenye visima vya Mukhaizna wanayapashia mvuke chini kwa chini. Kwenye visima vya Amal wametandaza vioo vya kuakisi ndani ya nyumba za kioo, jua lichemshe maji ya mvuke huo badala ya kuunguza gesi. Na gesi ina soko lake: tangu 2000 inapozwa mpaka iwe kimiminika Qalhat, karibu na Sur, inapakiwa melini.

Kinachonivutia mimi zaidi ni Nimr, penye visima vingine huko kusini. Maji yanayopanda na mafuta ni mengi kuliko mafuta yenyewe. Zamani yakirudishwa ardhini kwa pampu zinazokula umeme. Sasa mengi yanamwagwa kwenye mashamba makubwa ya matete yanayoyasafisha, na ndege wahamao hutua hapo, katikati ya jangwa. Ami haamini. Anasema hizo ni picha za matangazo.