Siku moja kwenye chumba cha MRI, Kampala: picha inapotaja saa ya kiharusi

Saa 12:30 asubuhi. Kazi huanza kwa kipozaji. Heliamu ya kimiminika ndani ya sumaku ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hukaa kwenye nyuzi joto -269. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, kipozaji husimama na heliamu huanza kupata joto. Kisha chupa ya majaribio hupigwa picha. Ikitoka na kivuli upande mmoja, koili ya kichwa, antena inayopokea ishara za picha, ina hitilafu.

Saa 2:40. Analetwa mama, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Aliyemleta anaulizwa: "Dada, mara ya mwisho mama alionekana mzima saa ngapi?" Jana usiku, ameamka hivyo. Sukari hupimwa kwanza, maana ikishuka sana huiga kiharusi, hata kwenye picha.

Saa 2:50. Kuvua chuma. Hirizi, pini za hijabu, kishikizo cha shanga za kiunoni, ambacho wengi husahau kuuliza. Kifaa cha moyo? Vipande vya risasi? Mtungi wa oksijeni wa chuma haupiti mlango huu kamwe: sumaku ina nguvu hata mashine ikiwa haipigi picha.

Saa 3:00. Sponji pande zote za kichwa, kisha DWI, picha ya mwendo wa maji kwenye ubongo, kama dakika mbili. Maji yaliyonaswa ndani ya seli zinazokufa hung'aa. Lakini mng'ao peke yake hudanganya, kwa kuwa kidonda cha zamani nacho huweza kung'aa. Lazima ramani ya ADC, inayopima mwendo huo wa maji, iwe nyeusi mahali palepale. Hapa ni nyeusi. Inafuata FLAIR, picha ambayo kidonda huchelewa kuonekana, na hapa ndipo usingizi wa mama unapopata saa: kidonda hakijaonekana, kwa hiyo huenda hakijatimiza muda wa saa nne na nusu tangu kianze. SWI, picha ya kutafuta damu, haionyeshi damu iliyovuja. Picha ya mishipa inaonyesha tawi dogo la kushoto limeziba, shina la mshipa liko wazi.

Saa 3:20. Daktari anapigiwa simu, karatasi ingechelewa. Hakuna kizuizi kingine, basi alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, miligramu 0.9 kwa kilo ya uzito. Kwa kilo 60 ni 54: 5.4 kwa dakika moja, zilizobaki kwa saa nzima.

Saa 9 alasiri. Mzee ana kizunguzungu, anaona vitu viwili viwili. DWI safi. Kiharusi kidogo cha shina la ubongo huweza kujificha siku ya kwanza, basi ripoti inasema hivyo waziwazi: abaki wodini, picha irudiwe kwa vipande vyembamba zaidi.