Siku moja maishani mwangu: naokota, naosha, nashona plastiki Bagamoyo

Saa kumi na mbili asubuhi. Siku za bamvua bahari hujaa alfajiri mpaka juu kabisa, na maji yakianza kurudi yanaacha mstari mrefu wa mwani ufukweni. Humo ndimo ilimo kazi yangu ya kutengeneza sanamu: vizibo, ndala za mguu mmoja, mirija, vipande vya nyavu, madumu ya mafuta ya kula. Mkondo wa pwani hii unaelekea kaskazini, na Dar es Salaam iko kusini yetu. Mto Ruvu nao unaingia baharini hapa jirani ukiwa umebeba ya bara. Kwa hiyo asitokee mtu akasema watu wa Bagamoyo ni wachafu, hizi taka ni za kwetu sote.

Naokota na kijana ninayefanya naye kazi. Wavuvi wametuzoea, na mzee mmoja wa ngalawa hutuwekea nyavu zilizochanika badala ya kuzitupa majini. Wengine bado wanatuita machizi wa makopo. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, ndiyo TaSUBa ya leo, na hakuna anayeshangaa mtu akipiga ngoma mchana kutwa au akichonga mpingo. Lakini ukiinama kuokota kizibo, unaonekana umeishiwa. Hao ndio ninaowaandikia.

Saa mbili tunakunywa chai ya rangi na vitumbua karibu na soko la samaki, kisha tunarudi uani.

Saa tatu tunaanza kuosha, na hapo ndipo wengi waliokuja kujitolea walipokimbia. Picha za mtandaoni zinaonyesha sanamu ya kasa iliyokamilika, hazionyeshi mabeseni. Plastiki ya baharini ina mchanga, utelezi wa kijani na harufu inayobaki mikononi hata ukila. Inaoshwa kwa sabuni ya unga na brashi, halafu inasuuzwa kwa maji yasiyo ya chumvi mara nyingi mpaka chumvi iishe, maana chumvi ikibaki inakula waya na sanamu inaanza kulia kutu. Tukikatakata chupa na vizibo vyake pamoja tunavimwaga kwenye beseni: vipande vya chupa ya maji vinazama, vya kizibo vinaelea. Ni plastiki mbili tofauti, na mnunuzi wa makopo kwa kilo hataki zichanganywe, kwa hiyo yale tusiyoyatumia tunamuuzia yakiwa yameshachambuliwa.

Leo nimeosha ndala moja ya bluu, ya mtoto. Kisigino kimelika mpaka kitobo. Ukingoni kuna vikato vidogo vidogo vimefuatana, vya samaki aliyekuwa akiidonoa huko kwenye maji makuu. Nimeiweka pembeni, nitaipa nafasi inayoonekana.

Halafu kuna vile vilivyokaa juani muda mrefu. Unaushika mdomo wa dumu, unavunjika vidoleni kama kaukau. Watu wanadhani umeoza. Haujaoza, umegawanyika tu, na vile vipande vidogo vikirudi baharini samaki anavimeza. Ndiyo maana uani kwangu tunafagia hata chembe.

Saa tano nashika msharasi, chuma cha kutobolea na kushonea. Kazi iliyopo ni kasa uziwa mkubwa, nimepewa oda na hoteli moja kwa ajili ya ukumbi wa kupokelea wageni. Mifupa yake ni nondo za milimita 8, gamba ni ndala zilizokatwa na kupangwa kwa rangi, shingo na mapezi ni vizibo vilivyotungwa kwenye mshipi wa kuvulia. Tumbo nimelifunga kwa wavu, na ndani yake nimejaza nilivyookota: mifuko, pakiti za biskuti, chupa zenye lebo zinazosomeka. Kila anayepita ananiuliza kwa nini siyeyushi nikamaliza haraka. Moshi wa plastiki ni sumu, na siwezi kusema naitetea bahari huku namvutisha moshi huo kijana wa watu. Tunatoboa kwa mkono, tunashona kwa mkono.

Saa sita kasoro akaja meneja wa hoteli kuangalia kazi.

Akazunguka mara moja, akazunguka tena. Akasema, "Dada, umejitahidi. Ila huku tumboni panaonekana taka."

Nikamwambia, "Ni taka, kaka. Zote ni taka."

"Ndiyo, lakini si ungepaka rangi ya bluu yote ikawa moja? Na hapa chini ukapaziba. Wageni wanakula pale karibu."

Nikampa kiti. Nikamweleza kwamba kasa akiona mfuko unaelea anadhani ni konyeza, yule mnyama laini wa baharini, ambaye kwake ni chakula, akaumeza, na utumbo ukaziba. Tumbo hilo ndilo sanamu yenyewe. Akaniambia habari hizo anazijua, na mbona plastiki ilishapigwa marufuku? Nikamkumbusha kilichopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea. Chupa hazikuguswa, vizibo havikuguswa, ndala hazikuguswa, na hata mifuko yenyewe iliyotupwa zamani bado bahari inaitapika.

Nikamwonyesha kwenye simu picha za Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa ndala kila upande, likasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar mwaka 2019. Hawakulipaka rangi moja likafanana na majahazi mengine. Watu walijaa ufukweni kulitazama kwa sababu ndala zilikuwa zinaonekana kuwa ndala.

Akatazama, akanirudishia simu. Ndipo akaja kwenye shida yake yenyewe, "Halafu bei, dada. Malighafi si unaokota bure?"

Hapo nilinyamaza kidogo, maana ningejibu palepale ningejibu vibaya. Kijana wangu aliacha brashi. Nikamwambia meneja ainue lile beseni la vizibo, anyooshe mkono achukue kimoja, akitoboe, apitishe mshipi, afunge fundo. Alifanya. Kikamponyoka mara ya kwanza, cha pili akajichoma kidole. Nikamwambia pezi moja tu lina mamia ya hivyo, na kabla ya kutobolewa kila kimoja kimeinamiwa, kimebebwa na kimesuguliwa. Fundi mpingo humwulizi gogo lilianguka wapi, unalipa mikono yake. Na wageni wako unawapeleka Saadani, kaka, na kule hifadhini, Madete, kasa wanapanda ufukweni kutaga. Unawalipisha kwenda kumwona kasa mzima, basi na huyu mlipie.

Akasema atafikiria. Jua lilikuwa limeshapita utosini na ugali wetu umepoa.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Mgongo uliuma, nilishona nimelala ubavu chini ya mapezi. Wanafunzi wa shule ya msingi walikuja na mwalimu wao, kila mmoja na vizibo mkononi, wakavitunga wenyewe kwenye shingo. Mmoja akachungulia tumboni, akasoma lebo kwa sauti, akasema, "Hii ndiyo biskuti tunayonunua pale shuleni." Wenzake wote wakasogea. Mwalimu hakuhitaji kuongeza neno, na mimi kwa dakika hizo chache siwezi kubadilishana kazi na mtu yeyote.

Magharibi iliponikuta nilikuwa bado nakata ndala kwa mwanga wa taa ya simu, vidole vimevimba kwenye viungo. Nikaoga, nikala, nikajilaza kitandani.

Ujumbe wa meneja uliingia usiku. Amekubali bila rangi, ila nipunguze laki moja na tumbo nilifunike kitambaa. Nikamjibu bei ni ileile na tumbo linabaki wazi, nitamwekea kibao cha kueleza bila malipo. Akakaa kimya kitambo, kisha akaandika: Ijumaa anatuma kirikuu, kigari cha mizigo.

Nimemwambia dereva aje na magodoro mawili ya kulalishia, na apite polepole kwenye matuta, shingo haijakazwa yote.