Kuvunja Kikundi si Kuondoka

Desemba moja, akili unde (AI) iliniletea taarifa iliyoninyima usingizi: vikundi vya akiba vinaikimbia programu yetu. Nilikuwa nimeipa jumbe zaidi ya elfu moja za wateja, kazi iliyokuwa ikinimalizia siku tatu, nayo ikazichambua kwa dakika chache. Fungu kubwa kuliko yote ililiita "wateja wanaovunja kikundi".

Mimi ni mmiliki wa bidhaa, yule anayeamua wahandisi watengeneze nini kwanza na nini kisubiri. Bidhaa yenyewe ni programu ya simu ya kutunzia hesabu za VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Nilishaanza kupangua kazi za wiki mbili zilizokuwa mbele yetu ili tutafute namna ya kuwashawishi wateja wabaki. Kabla sijawakabidhi wahandisi, nikampigia mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha Mbagala, Dar es Salaam.

"Shikamoo mama. Naona mnavunja. Tumewakosea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mtukosee wapi? Mwaka umeisha, tunavunja Jumamosi. Njoo uone."

Kuvunja, kwa wana-VICOBA, ni kufunga mzunguko: sanduku linafunguliwa, kila mtu anapewa hisa zake na faida, kisha wanaanza upya. Mashine ilijua neno, haikujua shughuli.

Nilienda. Wenye funguo watatu walifungua kufuli tatu za sanduku, kisha watu wakakaa kusubiri kwa muda wa karibu saa nne. Mweka hazina alikuwa na simu mkono mmoja na kaunta buku mkono mwingine, kwa sababu programu yetu haikuweza kukata deni la mwanachama kwenye mgao wake. Hakuna aliyewahi kutuandikia kuhusu jambo hilo. Walidhani ndivyo programu ilivyo. Jumatatu likawa la kwanza kwenye orodha yetu.

Sijaacha kutumia akili unde. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, rasimu za mahitaji na vigezo vya kukubali kazi, vilivyokuwa vikila nusu ya wiki yangu, zinapatikana asubuhi moja. Ila sasa naipa kwanza faharasa ya maneno ya vikundi, nafuta majina na namba za simu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si pambo, na nasoma mwenyewe jumbe thelathini nilizookota bila kuchagua kabla ya kufungua muhtasari.

Kinachonitia hofu zaidi ni kasi. Wahandisi nao wanaandika msimbo wa programu kwa msaada wa mashine. Zamani wazo langu bovu lilichukua mwezi kumfikia mteja, na mara nyingi mtu aliligundua njiani. Leo linamfikia kwa siku tatu. Mwongozo wa 2020 wa Scrum, utaratibu wa timu kutengeneza bidhaa kwa awamu fupi, unasema mmiliki wa bidhaa ni mtu mmoja, si kamati. Basi likiharibika, siwezi kusema mashine ndiyo iliyoamua.

Desemba iliyofuata nilirudi Mbagala. Mgao ulisomwa kutoka kwenye simu, jina baada ya jina, deni likiwa limeshakatwa. Kaunta buku ilikuwa bado mezani, imefunguliwa, na mweka hazina alikuwa akitia tiki kila kiasi kilipolingana na hesabu yake.