Rufaa Tuliyoogopa Kuishinda Nusu

Mwaka 2018 nilipangiwa kumtetea mzee mmoja mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Alikuwa mvuvi wa dagaa, ametiwa hatiani kwa mauaji na kuhukumiwa kunyongwa hadi kufa. Kwa kosa hilo sheria yetu haimwachii jaji adhabu nyingine ya kuchagua. Ni kweli kwamba tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, lakini sijaona mfungwa wa kunyongwa anayelala vizuri kwa sababu hiyo.

Kumbukumbu ya rufaa, yaani maandishi ya kesi nzima, ilinifikia ikiwa imefungwa kwa uzi, kurasa nyingine zimefifia. Kesi nzima ilisimama juu ya shahidi mmoja, mjane wa marehemu. Alieleza kwamba watu wenye mapanga walivunja mlango saa saba usiku, na kwa mwanga wa chemli akamtambua jirani yake. Hakuna aliyemuuliza chemli ilikuwa wapi, mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani, muuaji alisimama umbali gani, wala alimtazama kwa muda gani. Hayo ndiyo mambo ambayo Mahakama ya Rufani inayadai tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, kila utambuzi unapofanyika gizani. Tena majirani walifika usiku uleule, mwenyekiti wa kitongoji naye akafika, na jina la mzee halikutajwa kwa yeyote mpaka siku ya nne. Simlaumu yule mama. Mumewe alikatwakatwa mbele ya macho yake. Ila uchungu wake, hata uwe mkubwa vipi, hauongezi mwanga chumbani.

Nilipofika kwenye utetezi wa mzee, nilisimama. Wakati huo kesi za mauaji zilisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, raia wa kawaida wanaoketi naye. Hawa si kama raia wa juri la Uingereza au Marekani, ambao wao ndio huamua kama mtu ana hatia. Wetu walitoa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Sheria iliwaruhusu kuuliza maswali, lakini ya kutaka ufafanuzi. Kudodosa, yaani kumhoji shahidi ili kuutikisa ushahidi wake, ni kazi ya upande wa pili, na mzee wa baraza hana upande. Sasa pale kwenye ukurasa, baada ya wakili wa Serikali kumaliza, ilikuwa imeandikwa waziwazi: maswali ya dodoso, mzee wa kwanza wa baraza. Na swali lenyewe lilikuwa hili: kama hukuua, mbona uliondoka kijijini asubuhi ile? Mzee alijibu kwamba alikwenda kambini kwenye dagaa, kama kila mwezi giza linapoingia. Wa pili naye akadodosa, kisha wa tatu. Katika majumuisho yake, yaani alipowafupishia kesi kabla hawajatoa maoni, jaji hakuwaeleza wazee hao neno lolote kuhusu hatari ya utambuzi wa usiku. Wawili wakasema ana hatia, mmoja akasema hana.

Nilikwenda gerezani kumweleza.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umeona nini humo?”

Nikamweleza kwamba kwa kosa la wazee wa baraza pekee, mwenendo mzima wa kesi ungeweza kubatilishwa. Akafurahi, halafu akanyamaza akiwaza.

“Ukibatilishwa, naenda nyumbani?”

“Si lazima, baba. Mara nyingi mahakama huamuru kesi isikilizwe upya.”

“Kwa hiyo tukishinda narudi mahabusu?”

Alikuwa amekaa mahabusu miaka sita kabla ya hukumu. Swali lake ndilo lililopanga rufaa yangu yote. Kuanzia hapo sikujiandaa kuthibitisha kosa la utaratibu, maana hilo lilijionyesha lenyewe. Nilijiandaa kuzuia kesi isianze upya.

Siku ya kusikilizwa ilikwenda kama nilivyotarajia. Wakili wa Serikali alisimama, akakiri kasoro ya wazee wa baraza, akaomba kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Mmoja wa majaji watatu akanigeukia na kuniuliza kwa nini isiwe hivyo. Nikawapeleka kwenye Fatehali Manji, uamuzi wa 1966 wa iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kisha nikawasomea ushahidi wa mjane, taratibu, mstari kwa mstari, bila kuongeza neno. Nikauliza kama shahidi huyu akirudi kizimbani leo na kueleza mwanga ambao hakuueleza mwanzo, tutajuaje kwamba anakumbuka na si kwamba amefundishwa?

Hukumu ilisomwa kabla kikao hakijaisha. Mwenendo ukabatilishwa, hatia na adhabu vikafutwa, na mahakama ikakataa kuamuru kesi isikilizwe upya. Mzee aachiwe huru, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, kuketi na wazee wa baraza kukaacha kuwa lazima. Mimi sikufurahia sana. Kwenye kesi ile, mmoja wao aliona lililowapita wengine wote mle mahakamani.

Siku ile ya hukumu, tukiwa bado ndani ya mahakama, mzee aliniuliza kama Serikali inaweza kukata rufaa. Nikamwambia hakuna mahakama juu ya hii. Kuna maombi ya marejeo tu, yaani kuiomba mahakama hiihii iutazame tena uamuzi wake, na sababu zake ni finyu. Akaitikia kwa kichwa, akamuomba askari magereza ruhusa ya simu, ampigie binti yake aje na nauli.