Mwezi wa Tisa, Makaa Yamelowa

Masomo: Yeremia 36:20–32, Yeremia 45

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii zamu ya tafakari imeniangukia mimi. Mnivumilie, maana nitaanzia dukani kabla ya kufika kwenye Neno.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Nakaa mbele ya kompyuta katika duka la uchapaji pale Nasser Road, Kampala, napanga kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya mikutano ya injili na ratiba za mazishi. Ikifika Oktoba kazi inageuka, inakuwa kalenda tu. Makanisa, saluni, wauza vipuri, kila mtu anataka kalenda ya mwaka ujao yenye jina lake juu. Juzi alikuja mama mmoja mzee kukagua nakala ya kwanza ya kalenda ya kanisa lao, huko upande wa Mukono. Hawakuwa wameleta picha, kwa hiyo nilitumia zilizomo kwenye kompyuta yetu. Januari theluji. Aprili maua ambayo sijui jina lake. Oktoba njia ya msituni, miti myekundu na ya njano pande zote, majani yametandazwa chini kama zulia la ukumbi wa harusi. Mama akavaa miwani, akaiangalia Oktoba muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, hii miti imepatwa na ugonjwa gani?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba huko Ulaya na Marekani, kuanzia Septemba mchana unafupika, mti unaacha kutengeneza kijani chake, ile njano iliyokuwamo ndani ya jani muda wote inaanza kuonekana, halafu shina la jani linajikata lenyewe na jani linaanguka. (Najua wahubiri mmeshachukua kalamu hapo kwenye njano iliyofichwa. Chukueni, ni yenu.) Mama akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi Oktoba tunapalilia maharage. Toa hii, weka maharage."

Sasa niungame. Picha ile sikuiweka kwa haraka ya kazi. Niliichagua kwa mapenzi. Mnajua kwamba ninaandika riwaya; mmeniombea, na baadhi yenu mmeacha kuniuliza imefika wapi, jambo ambalo nashukuru. Ambalo sikuwaambia ni kwamba kwa miaka miwili riwaya hiyo ilikuwa inatokea London, mwezi wa kumi, majani yakianguka. Mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ni Busia, na pasipoti sina. Mhusika wangu mkuu alitembea bustanini kila sura ya pili, majani yakivunjika chini ya viatu vyake. Nilikuwa na hakika kwamba riwaya ya kweli inahitaji majani yanayoanguka, kama vile harusi ya kweli inavyohitaji keki.

Hata neno lake lilinisumbua. Kamusi zikikutana na majira hayo ya Wazungu huyaita vuli. Lakini vuli ya Waswahili wenyewe ni mvua za mwisho wa mwaka, zile ambazo jirani zangu Waganda wanaziita ddumbi. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili isiyopatana: kule jani linaanguka, huku linachipua. Na Biblia yetu inapoahidi mvua ya masika na mvua ya vuli, katika Kumbukumbu la Torati 11:14, haisemi habari za majani mekundu hata kidogo. Katika nchi ile, baada ya miezi mingi ya ukame, mvua za kwanza za Oktoba na Novemba ndizo zilizolainisha udongo ili watu walime na kupanda ngano na shayiri. Vuli ya Musa iko karibu zaidi na maharage ya yule mama kuliko na picha yangu.

Nikiwa hapo hapo kwenye majira: mnakumbuka Mwanzo 8:22, baada ya gharika, pale Mungu anapoahidi kwamba wakati wa baridi na hari, "wakati wa kaskazi na kusi," havitakoma? Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Kiswahili nilikiokota kwenye mpira na kwenye foleni ya bomba la maji, sikukipata ufukweni. Katika shule ya Jumapili niliamini kabisa kwamba Mungu anazungumzia Gulu na Masaka. Ni ukubwani nilipojua kwamba kaskazi na kusi ni pepo za pwani, zile zilizokuwa zikileta majahazi na kuyarudisha. Wafasiri walipofika mahali panaposema majira ya joto na majira ya baridi, hawakumtafutia Mswahili theluji. Walimpa upepo anaoujua. Nimeusoma mstari ule mara nyingi, na kila mara nikarudi London kuendelea na bustani yangu.

Sasa tufike kwenye moto.

Ninaandika kwa kalamu, usiku, kwenye mgongo wa karatasi zilizoharibika dukani. Upande mmoja utakuta mpangilio wa mazishi ya marehemu fulani uliochapwa kombo, upande wa pili utakuta London. Karatasi hizo nilikuwa nazihifadhi kwenye boksi chini ya meza, zaidi ya mia mbili, zimefungwa kwa mpira. Jumamosi moja usiku mvua ilinyesha ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani, na gunia la makaa lilikuwa limesahauliwa barazani. Asubuhi makaa yamelowa chepechepe. Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa kwetu akisoma sekondari, alitaka kutupikia chai kabla ya ibada. Sigiri, jiko letu la makaa, haikukubali. Akatafuta karatasi, akaona boksi la karatasi chafu zenye majina ya marehemu. Nilipoamka chai ilikuwa mezani, nzuri tu, ina tangawizi, na sura tano za kwanza zilikuwa majivu.

Sitawaambia nilichosema. Mpwa wangu anajua, majirani wanajua, na nimeshatubu. Ibada ya kwanza sikwenda. Nilikaa kitandani nimeshika Biblia kwa hasira, na kwa kuwa nilitaka mtu wa kulia naye nikafungua Yeremia.

Hadithi mnaijua. Yeremia anasema, Baruku mwana wa Neria anaandika kwa wino katika gombo. Gombo linasomwa hekaluni, kisha mbele ya wakuu, mwisho linafika kwa mfalme Yehoyakimu. Biblia inasema ilikuwa mwezi wa tisa, mfalme ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, na moto wa makaa unawaka mbele yake. Kila mara nilipopasoma hapo nilishangaa: Septemba, mtu anaota moto? Lakini mwezi wa tisa wao sio wetu. Walihesabu kuanzia mwezi wa Pasaka, kwa hiyo wa tisa ni Kisleu, Novemba kuingia Desemba. Ezra 10:9 inataja mwezi huo huo, watu wameketi uwanjani mbele ya nyumba ya Mungu wakitetemeka, na sababu mojawapo ni mvua kubwa. Basi siku ya gombo mji ulikuwa katika baridi ya mvua, kama Jumapili yangu, ila makaa ya mfalme yalikuwa makavu.

Yehudi, mtu aliyetumwa na mfalme kulileta gombo, anasoma. Kila akimaliza kurasa tatu au nne, mfalme anazikata na kuzitupa motoni. Anazikata kwa kisu cha mwandishi, kile kile ambacho waandishi walitumia kuchongea kalamu na kukatia magombo yao. Hapo ndipo nilipoumia. Na hakurarua gombo mara moja kwa ghadhabu, jambo ambalo ningelielewa. Alisikiliza, akakata, akasikiliza tena. Wakuu watatu walimsihi asichome: Elnathani, Delaya na Gemaria. Hakuwasikia. Gombo zima likaisha.

Nilijiona Baruku kwa kama nusu saa. Kisha mpwa wangu akapita na ndoo ya maji, macho yamevimba kwa kulia, na nikaona kwamba mfano wangu una mguu mmoja. Yehoyakimu alichoma kwa sababu alisikia neno la Bwana na hakulitaka. Huyu mtoto alitaka chai. Na nililopoteza mimi halikuwa neno la Bwana. Ilikuwa bustani ya London.

Nikaendelea mpaka sura ya 45, sura fupi yenye mistari mitano tu, ambayo wengi tunairuka tukikimbilia mbele. Ni ujumbe wa Mungu kwa Baruku peke yake. Baruku alikuwa amelalamika, "nimechoka kwa kuugua kwangu," na Mungu anamjibu kwa swali: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Angalieni tarehe yake. Ujumbe huu ulitolewa mwaka wa nne wa Yehoyakimu, Baruku akiwa bado anaandika gombo la kwanza. Moto ulikuja mwaka wa tano. Yaani mwandishi huyu aliambiwa asitafute makuu kabla mtu yeyote hajaigusa kazi yake, wino ukiwa bado unakauka, siku ambazo angeweza kuota kwamba gombo litafika kwa mfalme na jina lake litajulikana. Lilifika kweli kwa mfalme.

Nilipata kigugumizi hapo. Makuu yangu nayajua. Miaka miwili iliyopita nilipeleka sura tatu kwa mchapishaji mmoja, akaniambia kwa upole kwamba kitabu cha Kiswahili Uganda hakina mnunuzi. Nikamkumbusha kwamba Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na kwamba 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Akasema Katiba hainunui vitabu. Niliondoka nimeapa kimoyomoyo kwamba nitaandika kitu kikubwa hata yeye aje kukiomba. London ilitoka hapo. Nilitaka majani yale kwa sababu yalionekana kama kitabu kikubwa, cha watu wakubwa. Wivu niliuvalisha koti, nikauita kipaji.

Mungu hakumwambia Baruku aache kuandika. Hilo nililitafuta katika sura ile, kwa kweli siku hiyo nilitamani kulipata, ningestaafu kwa heshima. Halimo. Anamwahidi uhai wake, popote atakapokwenda, basi. Na tukirudi sura ya 36, baada ya moto, Yeremia anatwaa gombo lingine, anampa yule yule Baruku, naye anaandika upya yote yaliyoteketea, na maneno mengi ya namna ile yanaongezwa. Sijui Baruku alijisikiaje kuandika sentensi ya kwanza mara ya pili. Biblia inatuonyesha gombo tu.

Jioni ile nilimwita mpwa wangu nikamwomba radhi. Tukakaa barazani. Gunia lilikuwa limefunguliwa, makaa yametandazwa juu ya kipande cha bati yapate jua la jioni. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mjomba, nilikuwa nazisoma kwanza."

"Zote?"

"Zile za kuwasha. Nilisoma moja moja."

Nikamuuliza anakumbuka nini. Nilitegemea bustani, maana bustani ilikuwamo kwenye kila ukurasa. Akafikiri. "Yule mama anayeanika makaa."

Ilibidi nitulie nikumbuke. Katika sura ya pili, yule mwanamke wa London anamkumbuka mama yake kambini, baada ya mvua, ameinama juu ya bati anageuza makaa moja moja kwa vidole kama anavyogeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, vidole vyeusi mpaka kiungo cha pili, na mtoto akikaribia anafukuzwa kwa kiwiko kwa sababu mikono haifai. Mistari sita. Ni mama yangu yule. Nilikusudia kuifuta mistari hiyo kwa sababu ilichelewesha matembezi ya bustanini.

"Alikuwa anamfukuza kwa kiwiko," mpwa wangu akarudia, akacheka, akanionyesha kwa kiwiko chake.

Basi naandika gombo la pili. Sasa ni Novemba, Museenene wa Waganda, mwezi uliopewa jina la nsenene, na usiku wavulana wa mtaani wanawinda panzi hao kwenye mwanga wa taa za barabarani huku mimi nikiwinda sentensi. Yeremia alikuwa na neno kinywani, aliweza kulisema tena lote. Mimi kumbukumbu yangu haikuvuviwa, nusu ya yaliyoungua sitayapata kamwe, na nikisema ukweli sehemu nzuri ya nusu hiyo siililii. Mwanamke wangu bado hajafika London. Kuna siku anaelekea huko, kuna siku anabaki kambini akisubiri mvua ikatike. Sijamwamulia. Kalenda ya Mukono imeshachapwa, Oktoba ina shamba la maharage, na ile picha ya msitu mwekundu nimeibakiza kwenye kompyuta kwa sababu bado naipenda.

Boksi nimelihamishia juu ya kabati. Lakini karatasi moja mbili hubaki mezani usiku, na kila asubuhi kabla ya chai nasikia mlango ukigongwa taratibu. Mpwa wangu anachungulia, karatasi mkononi, upande wa marehemu ukinitazama.

"Mjomba, hii ni ya kuwasha au ya kusoma?"

Asubuhi nyingine huwa naichukua, naisoma tena, halafu namrudishia awashie.