Kikao cha kusimama kilivyotuokoa msimu wa parachichi

Nasimamia timu ya uvunaji kwenye ghala moja la kufungashia parachichi huku Tukuyu, na kilichokuwa kinatumaliza ni kikao cha Jumatatu. Kinaanza saa mbili, yatokanayo yanasomwa mpaka watu wanasinzia, tukifika mengineyo kila mtu anatoa dukuduku lake, mara posho, mara gari, saa sita hiyo, na wachumaji wako shambani wanapiga simu waanze kwa nani.

Hii kazi haitaki hivyo jamani. Hass, hii aina ya parachichi tunayochuma, haiivi mtini, inalainika ikishachumwa, kwa hiyo ukiikadiria kwa macho tu utadanganyika, lazima sampuli ipimwe kujua nyama ya tunda imebaki na maji kiasi gani ndo useme shamba hili lichumwe, lile lisubiri. Sasa majibu ya vipimo yanaenda kwa meneja, meneja anasubiri kikao, mimi nayapata Fuso imesharudi na tunda changa.

Nikamwomba meneja tujaribu kusimama tu, pale pa kupakilia, kabla gari hazijatoka. Kila mtu aseme leo anaenda wapi na amekwama wapi, mjadala ukirefuka wahusika wabaki wenyewe. Anaanza binti wa sampuli, meneja anamalizia, maana huku mkubwa akishasema wengine wote ni "sawa mzee".

Mwanzoni ilikuwa kimya, ukiuliza unajibiwa "hakuna changamoto". Nikabadilisha swali, nikamgeukia dereva, "Mzee, leo gari haifiki wapi?" Akacheka. "Kule juu kwenye tope, mbona niliwaambia tangu juzi!" Aliwaambia kweli, kwa voisi, kwenye grupu la WhatsApp, ikafunikwa na maua ya asubuhi njema na mistari ya Biblia.

Tukafungua grupu la pili, humo ni shamba, nani anaenda, saa ngapi, basi. Admini ni dada wa stoo, mkali huyo, ukituma ua anakutoa hapohapo hata uwe bosi. Voisi za madereva anaziandika yeye, wazee wale kutaipu hawataki.

Posho na mengine yake tumeyapeleka mwisho wa mwezi, na viti na soda. Wahasibu ndo bado wagumu, wanasema asubuhi Tukuyu baridi, kwa hiyo wanapeana zamu, anashuka mmoja na koti lake.